Nani Aruhusiwe Kusema na Nani

Hotuba kwa wachezaji wa mchezo wa barua, Mji wa Kale, Mombasa

Assalaam aleikum warahmatullah. Hamjambo nyote.

Wazee wangu, dada zangu, na nyinyi mabarobaro mliokaa ngazini kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme kuhusu mchezo mpya tunaotaka kuuanza baada ya Idi: uwe wa aina gani. Najua wengi wenu mmekwisha chagua kabla sijafungua mdomo. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mpige kura mnavyoona.

Juzi Alhamisi, baada ya Isha, nilikuwa nimekaa barazani Kibokoni na kikombe changu cha kahawa chungu, natazama wazee wanne wakicheza dhumna. Wawili kwa wawili kama kawaida, kila mmoja amemkabili mwenziwe. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu sana, alibakiwa na kete tatu mkononi. Zamu yake ilipofika hakucheza. Akazitazama kete zake, akaigusa ya kulia kwa kidole gumba, akaiacha, akairudia. Zilipita kama sekunde kumi. Mpinzani aliyekuwa kushoto kwake akasema kwa sauti ya chini, bila ugomvi: "Mzee, cheza. Usitoe habari."

Mzee akashusha kete, mchezo ukaendelea. Lakini neno lile limenikaa. Hakuna aliyekuwa amesema kitu pale. Hapakuwa na jicho lililokonyezwa wala mguu uliogusa mguu chini ya meza. Ilikuwa ni kusita tu, na kusita kule kulikuwa barua kamili: mwenziwe upande wa pili alikwisha jua kwamba mzee anayo zaidi ya moja ya kucheza, na anachagua. Mtu aliyekulia kwenye dhumna anajua kwamba utamu wa mchezo ule hautoki kwenye kete. Unatoka kwenye ile sheria kwamba mimi na wewe tu kitu kimoja, tunashinda pamoja na kufungwa pamoja, na haturuhusiwi kusemezana.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia. Kwa wiki tatu sasa tunabishana kuhusu ramani, idadi ya mataifa, nguvu za majini na bei ya farasi. Hayo ni ya kurekebishwa kwa kalamu dakika yoyote. Linaloamua mchezo wa timu utakuwa mchezo gani ni nani aruhusiwe kusema na nani, na kwa njia gani. Libadilishe hilo moja, umepata mchezo mwingine kabisa, na watu wengine kabisa, hata kama ramani ni ile ile na majeshi ni yale yale. Nimeuona ukigeuza watu ninaowajua, nami ukanigeuza.

Kwa waliofika leo kwa mara ya kwanza, mchezo wenyewe uko hivi. Kuna ramani ya nchi ya kubuni, imekatwa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, na kila chumba kina namba yake ya tarakimu nne. Kila mchezaji ana taifa lake: miji, dhahabu, majeshi, na watu wake wenye majina. Wapo majemadari wa kuongoza vita, wajumbe wa kuvuta mioyo ya wenyeji, wajasusi wa kuiba na kuua gizani, na wachawi. Kila wiki mbili unaandika maagizo: fulani aende mji fulani, jeshi hili livuke mto, dhahabu hii apelekewe jirani. Unampelekea mwamuzi. Mwamuzi anakusanya maagizo ya watu wote, anayatekeleza kwa mpigo mmoja, kisha kila mtu analetewa habari ya yaliyompata. Hakuna anayesubiri kuona mwenziwe amecheza nini. Wote tunaandika gizani, na kunatupambazukia wote kwa wakati mmoja.

Hatukuubuni sisi. Sataranji ya barua ni ya zamani: klabu ya London na klabu ya Edinburgh zilianza mechi mwaka 1824, ikamalizika 1828, na Edinburgh wakashinda. Miaka minne, mechi moja ya michezo michache. Mchezo wa Diplomacy wa Allan Calhamer, wenye dola saba za Ulaya na maagizo yanayotekelezwa kwa pamoja, uliingia sokoni 1959, na kufikia 1963 John Boardman alikuwa akiuendesha kwa posta. Mwaka 1970 Rick Loomis, naye Mmarekani, akaanza kuendesha mchezo wa vita kwa posta kwa malipo, na kompyuta ikawa ndiyo mwamuzi. Na ule tuliouiga sisi waziwazi ni Middle-earth Play-by-Mail, uliotolewa Marekani mwaka 1991 na kampuni ya Game Systems, ukajengwa juu ya nchi aliyoibuni J.R.R. Tolkien. Una mataifa 25: 10 ya watu huru, 10 ya upande wa giza, na 5 yasiyo na upande. Kila mhusika hupewa maagizo mawili kwa zamu, zamu huja kila wiki mbili, na mchezo mmoja huweza kumaliza mwaka na zaidi.

Lakini kushindana kwa barua hatukufundishwa na wageni, na hili nalisema kwa fahari kwa sababu nimesimama hapa, mji wa Muyaka bin Haji. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa ya watawala wa ukoo wa Mazrui na Lamu zilipokuwa zikivutana, kabla na baada ya vita vyao vya Shela, washairi wa pande mbili walijibizana kwa mashairi. Muyaka alitunga upande huu, Zahidi Mngumi upande wa Amu. Shairi lilivuka bahari, likasikizwa, likajibiwa kwa vina. Fikirini ile hali ya mtu kukaa akingoja jibu, hajui kama neno lake limechoma au limechekwa. Na kila shairi lilikuwa na wasikilizaji wawili: hasimu kule ng'ambo, na watu wa mji wako mwenyewe waliosimama nyuma yako. Huo ni mchezo wa timu kwa barua.

Sasa nirudi kwenye kura yetu.

Mchezo wetu wa kwanza tulicheza kwa mtindo wa wazi. Tulikuwa 14: watano upande wa Kaskazi, watano upande wa Kusi, na wanne hatuna upande. Kila mtu aliruhusiwa kuandikiana na yeyote, hata adui. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanne. Nawaambia ukweli, sijawahi kupendwa vile maishani mwangu. Barua zilinijia kutoka kila pembe. Huyu ananiahidi mji wa bandari, yule ananipa njia ya mlimani. Mchezaji mmoja wa Kaskazi hakuahidi kitu, alinitumia tu dhahabu, zamu mbili mfululizo, na ujumbe wa mstari mmoja: "Najua mavuno yako yalikuwa mabaya." Niliipokea. Nikamwandikia kwamba niko naye. Wiki ile ile nikawaandikia Kusi kwamba niko nao, kwa sababu Kusi walikuwa wakishinda, na zamu ya tisa nikaingia kwenye mji wake mkuu kwa lango aliloniachia wazi.

Kwa sheria za mchezo sikukosea. Mtindo wa wazi umejengwa ili jambo hilo liwezekane, na wapo wanaosema kwamba bila wale wasio na upande mchezo hauna chumvi. Nakubali, hauna chumvi. Lakini yule bwana alikaa miezi mitatu akinipita njiani kimya, na mimi nilijua kwa nini. Hakuumia kwa mji. Aliumia kwa ile dhahabu, kwamba aliniona nina shida akanisaidia bila kuombwa, nami nikaitumia huruma yake kama ngazi. Tumekwisha patana, yuko humu ndani leo, na aliniruhusu nilisimulie hili. Nasimulia kwa sababu nataka tukumbuke kwamba sisi si watu wa posta wasiojuana, mmoja yuko Florida na mwenziwe Uingereza. Sisi tunakutana sokoni Marikiti, tunasali msikiti mmoja, watoto wetu wanasoma darasa moja. Uongo ambao kule unabaki kwenye karatasi, hapa unakufuata mpaka mlangoni.

Ndiyo maana mchezo wa pili tulikimbilia mtindo wa timu zilizopangwa. Kule kwenye mchezo wa 1991 mtindo huu una historia ndefu. Wachezaji wa muda mrefu, waliochoka kuwabembeleza wasio na upande, walianza kuja na timu zao tayari, marafiki wa miaka, na kuomba wapambanishwe na timu nyingine. Mara nyingi ni 12 kwa 12, wasio na upande wakigawanywa mapema, kila mtu anamjua wake tangu siku ya kwanza. Mara nyingine ni mahasimu wa zamani wanaotaka marudio. Hakuna usaliti, kwa sababu hakuna wa kumsaliti. Kinachobaki ni mipango, na mipango inayotoka humo ni mizuri mno. Mataifa matatu kutoka pande tatu yanafika chumba kimoja zamu moja. Mjasusi wa huyu anaua jemadari wa mji usiku ule ule ambao mjumbe wa yule anawageuza wenyeji na jeshi la watatu linagonga lango. Tulilifanya jambo hilo mara moja, zamu ya 11, na sitasahau kelele zilizopigwa nyumbani kwetu majibu yalipofika.

Basi kwa nini sitaki turudie?

Nitawaambia. Timu yetu ilikuwa na watu saba na kikundi kimoja cha WhatsApp. Ndani ya zamu nne kikundi kilikuwa na sauti mbili tu. Sauti moja ilikuwa ya nahodha wetu, mtu hodari, anayeijua ramani kama kiganja chake. Sauti ya pili ilikuwa yangu. Wengine walikuwa wakiandika "sawa", au kuweka kidole gumba. Ilipofika zamu ya nane, nahodha alikuwa anaandika maagizo ya mataifa yote saba, anayatuma Jumatano usiku, na watu wanayanakili na kuyapeleka kwa mwamuzi. Na tulikuwa tunashinda, kwa hiyo hakuna aliyeona ubaya.

Kulikuwa na binti mmoja wa Likoni. Alijiunga kwa hamu kubwa. Ramani yake aliipaka rangi kwa mkono, mito ya buluu, misitu ya kijani, na kila mji wake ameuandikia jina la nyanya au shangazi. Zamu ya 12 hakutuma maagizo. Zamu ya 13 pia. Nilimpigia simu kumhimiza. Akaniambia, kwa adabu kabisa: "Kaka, mimi si mchezaji pale. Mimi ni karani. Mtafuteni karani mwingine." Nilikaa na ile simu mkononi. Sikuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu mimi nilikuwa miongoni mwa waliomfanya hivyo bila kukusudia. Wote waliruhusiwa kusema wakati wote, na matokeo yake wakasema wawili. Hilo sikulitegemea. Nilidhani kufungua mazungumzo ni kumpa kila mtu nafasi. Kumbe, kwenye mchezo wenye zamu ya wiki mbili na kikundi kisicholala, aliye na muda mwingi na maneno mengi humeza wengine wote.

Na kuna hatari nyingine ya timu za kupangwa katika mji kama wetu: hodari watakwenda pamoja. Watu wa mtaa mmoja, watu wa kazi moja bandarini, watajifunga timu, na mgeni atapangiwa na wageni wenziwe achinjwe kufikia zamu ya sita. Kule ambako wachezaji ni wengi wanaweza kupambanisha wazoefu kwa wazoefu. Sisi tu wachache.

Mtindo wa tatu ndio ninaoupenda, na nitakaa hapo kidogo.

Wenyewe huuita Gunboat, manowari. Ulianzia kwa watu wa Diplomacy na baadaye ukaingia kwenye michezo mingine. Majina ya wachezaji yanafichwa na mazungumzo yanakatazwa. Hujui nani ni nani. Huandikiani na adui, wala na wa upande wako. Kwenye mchezo wa mataifa mengi kama wetu, mara nyingi mtu mmoja hupewa mataifa mawili ili angalau mikono yake miwili ijuane. Mwaka jana tuliujaribu, watu wanane tu, mwamuzi peke yake ndiye aliyejua majina.

Zamu tatu za kwanza nilikuwa kama kipofu sokoni. Tulikuwa wanne upande wetu na kila mmoja alikwenda kivyake. Majeshi mawili ya upande mmoja yalifika chumba kimoja yakala chakula chote cha kijiji, tukabaki na njaa wote. Kisha jambo likaanza kubadilika, polepole, na sijui niliite nini. Zamu ya sita nilikuwa na mji kwenye kivuko cha mto, umezingirwa, ghala tupu. Sikuwa na namna ya kuomba msaada. Majibu yalipokuja nikakuta shehena ya nafaka imeingia mjini mwangu, imetoka kwa taifa ambalo sikulijua mwenyewe. Mtu fulani mahali fulani alikuwa ameitazama ramani ile ile, akahesabu wanajeshi wangu, akahesabu vinywa, akajua. Niliisoma ile karatasi nimesimama jikoni, na nilihisi kitu ambacho barua zote 31 nilizopata nilipokuwa sina upande hazikunipa.

Sikuweza kumshukuru. Kwa hiyo nilianza kumtazama. Kila zamu nilitazama kwenye ramani majeshi ya taifa lake kabla ya yangu. Nikaona jambo la ajabu: alikuwa na daraja kaskazini ya mji wangu, chumba 2207, na siku zote aliliwekea walinzi. Zamu ya 10 akawaondoa. Nikadhani amezidiwa mahali. Zamu ya 11 daraja bado wazi, na wale walinzi wamesogea chumba kimoja tu, wamekaa bila kazi. Nikadhani ni kosa la kuandika. Zamu ya 12 vilevile. Ndipo usiku mmoja, niko kitandani, nikaelewa: ananifungulia njia. Anataka jeshi langu lipite pale limzunguke adui, na hawezi kusema, kwa hiyo anasema kwa kutokuwepo. Nikavuka zamu ya 13. Walinzi wake wakavuka nyuma yangu zamu hiyo hiyo, bila kuambiwa, kwa sababu alikuwa tayari ameyaandika maagizo yao akinitumaini.

Mchezo ulipokwisha mwamuzi akatangaza majina. Aliyekuwa na lile daraja ni bi mkubwa mmoja wa Kuze, ambaye kwenye mchezo wa pili alikuwa kwenye timu yetu, na kwa miezi yote ile hakuandika zaidi ya "sawa". Nilikwenda kwake na kashata. Akanikaribisha, akanimiminia chai, akasema: "Mwanangu, nilikungoja darajani zamu tatu."

Dada yule wa Likoni, bi mkubwa huyu, na wengine ambao sijawajua bado kwa sababu sikuwahi kuwapa nafasi: ndio ninaowafikiria ninaposimama hapa. Kimya kiliwapa wao sauti, kwa sababu kilitunyima sisi wengine. Wenye maneno mengi tulilazimika kusema kwa majeshi, na hapo hatuna ubora wowote juu ya mtu mkimya.

Lakini sitawaficha kasoro ya kimya, maana niliiona pia. Kijana mmoja wa Changamwe, mgeni kabisa, alikuwa akituma jeshi lake chumba 1419. Alikusudia 1914. Zamu tatu mfululizo jeshi lilikwenda upande wa pili wa nchi, jangwani, linapungua kwa kiu, na sisi wa upande wake tunaliona na tunashika vichwa. Hakuna aliyeruhusiwa kumwambia. Mwamuzi naye haruhusiwi kufundisha. Alipoteza taifa lake zamu ya tano kwa tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Kwenye mtindo wa wazi angeambiwa siku ya kwanza. Kimya kinafaa kwa anayejua kusoma. Asiyejua kinamuua kabla hajajifunza, na sisi tunataka watu wapya.

Mitindo mingine ipo, nitaipita haraka. Kuna mmoja kwa mmoja, mtu anaendesha upande mzima peke yake. Ni mazoezi mazuri lakini hapo hakuna timu tena, nami sikuja kuzungumzia hilo. Kuna kupunguza mataifa ili mchezo uishe mapema. Kuna zamu za wiki moja, na najua vijana wanazitaka. Nitalirudia hilo.

Ninachowaomba mkipigie kura ni dhumna. Yaani wawili kwa wawili. Tuwe jozi nane, nne kila upande. Kila jozi iwe na mzoefu mmoja na mgeni mmoja, kwa kura ya kuvuta, si kwa kuchaguana. Hao wawili waseme wapendavyo, wakutane, wapigiane simu usiku kucha, mzoefu amwoneshe mgeni jinsi ya kusoma namba za vyumba. Lakini kila mmoja ana taifa lake na anaandika maagizo yake kwa mkono wake. Jozi na jozi zisijuane na zisisemezane. Na kwa kuwa kimya kitupu ni kigumu, tuwe na gazeti la mchezo: ukurasa mmoja unaokuja na majibu ya zamu, ambao kila jozi inaruhusiwa kuandika maneno 40, bila kutia sahihi. Watu wa Diplomacy ya posta wamekuwa na magazeti ya namna hiyo tangu zamani. Adui atalisoma pia, kwa hiyo mtajifunza kusema kwa mafumbo, na kama kuna mji katika dunia hii unaoweza kusema kwa mafumbo katika maneno 40, ni huu.

Mwaniuliza, tutajuaje kwamba watu hawaibi? Kwamba jozi mbili hazikutani kwa siri mahali wakapanga? Hatutajua. Pale barazani Kibokoni hakuna askari vilevile. Wazee wanne wanaweza kukubaliana ishara asubuhi na wakala njama jioni, na hawafanyi, kwa sababu wangekuwa wameua kitu wanachokipenda. Na majina yakifichwa inasaidia: hujui umpigie nani.

Kuhusu wiki moja au mbili. Naomba ziwe mbili. Wapo kati yetu wanaofanya kazi za zamu bandarini, wapo wanaovuka feri alfajiri na kurudi usiku, na tuna wenzetu wa Lamu na Tanga. Zamu ya wiki moja itawapa ushindi wenye nafasi, na tumeona tayari mambo yanavyokwenda wenye nafasi wakipewa kila kitu. Wiki mbili zinampa mtu siku ya kuandika, siku ya kufuta, na siku ya kuamka na wazo jipya.

Ila muda ukifika umefika. Hapo sitaki huruma. Mnaijua hadithi ya Ngome ya Yesu, mnapita chini ya kuta zake kila siku. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696. Wareno waliokuwa ndani walitegemea msaada kutoka Goa, koloni lao kule India, na Goa iko ng'ambo ya bahari, na bahari ina kusi na kaskazi, hufiki utakapo. Ngome ilianguka Desemba 1698. Merikebu za msaada zilifika siku chache baadaye, zikaona bendera si yao, zikageuza. Zile merikebu zilikuwa na watu na baruti na nia njema. Kwa hiyo atakayekosa zamu, majeshi yake yatasimama yalipo, na atakayekosa mbili mfululizo, taifa lake atapewa mchezaji wa akiba siku hiyo hiyo, kwa heshima, bila kumlaumu mtu. Nataka watu wanne wajiandikishe leo kuwa akiba. Kazi ya akiba ni ngumu kuliko zote, kuichukua nyumba iliyokwisha ungua nusu, na watakaojitolea tutawapa kipaumbele mchezo ujao.

Binti wa Likoni nimemwandikia barua. Ya karatasi, nikaipeleka mwenyewe posta ya Digo Road, kwa sababu hii si habari ya kumtumia mtu kwa WhatsApp. Nimemweleza sheria hizi na nimemwomba msamaha. Jana jibu liliingia kwenye sanduku langu. Ndani ya bahasha hamna barua. Mna ile ramani yake, mito ya buluu, misitu ya kijani, na chini amechora mji mmoja mpya ambao bado haujapewa jina.

Karatasi za kura ziko mezani kwa bi mkubwa pale mlangoni. Mtindo wa wazi ni alama ya duara, timu za kupangwa ni mraba, wawili kwa wawili ni mistari miwili. Ikipita hii ya mwisho, jozi zitavutwa hapa hapa Ijumaa ijayo baada ya Alasiri, na mwamuzi atampelekea kila mtu jina la mwenziwe kwenye bahasha iliyofungwa. Maagizo ya kwanza yamfikie kabla ya adhana ya Maghrib, Jumamosi ya pili baada ya Idi. Namba za vyumba ziandikwe kwa wino, tarakimu zote nne, na mwenzako azisome kwa sauti kabla hamjatuma.